Egzosi Mbili, Pumzi Moja: Kufunga Bomba la Kiungo kwenye Mustang ya V8

Egzosi ya chuma cha kawaida haidumu miaka sitini. Kwa hiyo Mustang ya 1965 au 1966 unayoimiliki leo, iwe uliipata Texas, Dubai au Nairobi, karibu hakika imekwisha kubadilishiwa mabomba, na kila aliyebadilisha alikuwa na nia yake. Hali inayokutwa mara nyingi ni hii: gari lilitoka kiwandani na injini ya V8 ya 289 yenye kabureta ya midomo miwili, nguvu za farasi 200, na egzosi moja. Mabomba ya pande mbili za injini yalikutana chini ya sakafu yakaingia kwenye silensa moja. Baadaye mwenye gari mmoja akatamani mngurumo wa Mustang GT, akaenda kwa fundi, na fundi akavuta mabomba mawili kutoka injini hadi nyuma, kila upande na lake, bila kukutana popote. Gari likapata sauti. Lakini ni sauti yenye mkwaruzo, na ukishika mwendo wa safari kuna uvumi ndani ya gari unaochosha masikio kabla hujafika nusu ya njia.

Dawa yake ni bomba fupi linalounganisha hayo mawili mahali fulani nyuma ya giaboksi. Ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono wako, na fundi mwenye vifaa anakimaliza kwa siku moja. Hata hivyo kazi hii huharibiwa mara nyingi: bomba likafungwa pasipofaa, likagusa kamba ya hendibreki, likaning'inia chini ya kila kitu, au likachomelewa moja kwa moja hata giaboksi haiwezi kushushwa tena bila kukata egzosi nzima. Mwongozo huu ni wa kukusaidia uifanye mara moja tu, au umsimamie fundi wako ukijua unachokitaka.

Kwa nini pande mbili zikutane

Injini ya 289 ina ujazo wa inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, na silinda nane zilizopangwa nne kila upande. Ford huzihesabu hivi: 1 hadi 4 upande wa kulia, 5 hadi 8 upande wa kushoto, ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele. Mfuatano wa kuwaka, au faya oda kama wasemavyo mafundi, ni 1-5-4-2-6-3-7-8. Katika mizunguko miwili ya krankishafti, nyuzi 720, kila silinda huwaka mara moja, na kati ya moja na inayofuata kuna nyuzi 90 kamili. Ukiisikiliza injini yenyewe, iko sawa kabisa.

Sasa chukua karatasi uandike upande badala ya namba: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Hapo ndipo siri ilipo. Bomba la kulia halipati mapigo yaliyolingana. Linapata pigo, kisha jingine baada ya nyuzi 180, jingine baada ya 90 tu, jingine baada ya 180, halafu linakaa kimya kwa nyuzi 270. Silinda 4 na 2 zinatoa moshi karibu pamoja: valvu ya ile ya kwanza haijafunga bado, na ya pili imekwisha kufunguka, zote zikitumia njia moja. Upande wa kushoto mambo ni hayo hayo kwa silinda 7 na 8.

Linalofurahisha ni lile linalotokea upande wa pili wakati huo. Silinda 4 na 2 zinapobanana kulia, bomba la kushoto liko katikati ya ukimya wake wa nyuzi 270. Na silinda 7 na 8 zinapobanana kushoto, la kulia ndilo limepumzika. Ni kama basi ambalo abiria wanasukumana kwenye mlango wa mbele ilhali wa nyuma uko wazi na hauna mtu. Bomba la kiungo ni njia ya kuufikia ule mlango wa pili. Mgandamizo unaozidi upande mmoja unapata pa kupanukia, na mapigo yanayofika kwenye silensa zote mbili yanakuwa yamelainika.

Tatizo hili limetokana na umbo la krankishafti ambayo makongoro yake yamekaa msalaba, nyuzi 90 kutoka moja hadi jingine, kama ilivyo kwenye V8 nyingi za Marekani. V8 za Ferrari zenye krankishafti bapa huwaka kulia, kushoto, kulia, kushoto bila kukosea, na ndiyo maana zinalia kwa namna nyingine kabisa. Wahandisi wa Ford GT40, ukoo wa magari ulioshinda Le Mans kila mwaka kuanzia 1966 hadi 1969, walilitatua jambo hili kwa njia ngumu zaidi: kwenye GT40 za injini ndogo ya V8, ukoo ule ule wa 289, walivusha bomba mbili kutoka kila upande juu ya injini zikaungane na mbili za upande wa pili, hata kila mkusanyiko ukapata mapigo yaliyolingana. Ukiitazama nyuma ya gari lile unaona fungu la mabomba yaliyojisokota kama nyoka. Lile lilikuwa gari la mbio lenye injini nyuma ya dereva, na nafasi ilikuwepo. Kwenye Mustang huwezi kufanya hivyo, na wala huhitaji. Bomba fupi chini ya sakafu linakupa sehemu kubwa ya faida kwa kazi ndogo.

Faida yenyewe niiseme wazi, maana wauzaji wa mabomba huahidi mengi. Nguvu itakayoongezeka ni kidogo, na kwenye injini ya barabarani isiyobadilishwa huenda usiihisi kwa mguu. Utakachokihisi ni sauti iliyoshuka na kutulia, uvumi uliopungua ndani ya gari, na injini inayovuta vizuri kidogo katika mizunguko ya chini na ya kati, pale unapoendesha kila siku. Kwangu hayo yanatosha kabisa kuifanya kazi hii.

H au X

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni ya herufi H: mabomba mawili yanakwenda sambamba na bomba la tatu linakatiza kati yao. Ya pili ni ya herufi X: mabomba yanasogezwa hadi yagusane, yanafunguliwa ubavuni na kuchomelewa pamoja, kisha yanaachana tena. X huchanganya moshi zaidi na huvuta vizuri zaidi kwenye mizunguko ya juu. Sauti yake ni nyembamba, laini, inapanda juu injini inapokimbia. H husawazisha mgandamizo bila kuulazimisha moshi kuvuka, na huacha ule mdundo usiolingana wa V8 ya Marekani, ukiwa mzito na wa chini zaidi.

Kwa Mustang ya 289 mimi nachagua H bila kusita. Kwanza, ni sauti ya gari hili. Ukiweka X unapata sauti nzuri ya gari jingine. Pili, X inadai nafasi katikati, pale pale palipo mkia wa giaboksi na propela shafti, na ili mabomba yakutane hapo inabidi yashuke. Gari hili tayari liko chini, na kwenye barabara zetu zenye matuta kila sentimita ina thamani. X nawaachia wenye injini iliyojengwa upya, yenye kemshafti kali na manifoldi za bomba, wanaoipeleka injini juu ya mizunguko 5,000 mara kwa mara.

Kabla ya kukata chochote

Usimchomelee mgonjwa ambaye hujampima. Washa injini ikiwa baridi kabisa na usikilize karibu na manifoldi. Mlio wa tik-tik-tik unaopungua injini inapopata moto ni gasketi au manifoldi iliyopasuka. Chuma kikitanuka ufa unajiziba. Rekebisha hilo kwanza, kwa sababu bomba la kiungo halitaliondoa, nawe utaishia kulilaumu bure.

Kisha tafuta valvu ya joto. Kiwandani, 289 iliwekewa kwenye mdomo wa manifoldi ya upande mmoja valvu yenye springi inayofunga injini ikiwa baridi. Ikifunga, moshi wa upande huo unalazimishwa kupita kwenye tundu lililo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa, chini ya kabureta, na kutokea upande wa pili. Lengo lilikuwa kuipasha kabureta joto wakati wa baridi ya Marekani. Shida ni kwamba baada ya miongo kadhaa mhimili wake hushika kutu. Ikikwama ikiwa imefungwa, nusu ya injini yako inapumua kupitia tundu dogo, kabureta inachemka, na gari linakosa nguvu kwa sababu isiyo na uhusiano wowote na mabomba ya nyuma. Izungushe kwa mkono injini ikiwa baridi: iende na irudi yenyewe. Kama haiendi, itibu kwa mafuta ya kulegeza kutu, au ifunge kwa waya ikiwa wazi. Kwa anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat hakuna atakachokosa ikibaki wazi daima.

Halafu kagua sakafu ya gari kutoka chini. Sakafu za Mustang hizi huoza, na tundu la kutu juu ya kiungo cha egzosi ni njia ya kaboni monoksidi kuingia walipokaa watu. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, nayo huua. Ziba kila tundu, rudisha kila kifuniko cha mpira kilichopotea, ndipo uendelee.

Pa kuweka kiungo

Wajenzi wa zamani wa V8 wana njia rahisi ya kupata mahali panapofaa. Safisha mabomba yote mawili kwa brashi ya waya, kisha pulizia mstari wa rangi ya kawaida ya bei nafuu kutoka kiungo cha mbele hadi kwenye silensa. Endesha gari kwa dakika kadhaa injini ikiwa na mzigo, ikiwezekana ukipanda mlima. Simama, acha mabomba yapoe kidogo, uingie chini utazame. Mbele rangi itakuwa imeungua kabisa. Nyuma itakuwa bado ipo. Pale inapoacha kuungua ndipo wanapokata. Wengine hutumia chaki ya joto badala ya rangi, lakini mantiki ni ile ile.

Fanya jaribio hilo, ni zuri na linafundisha, ila uwe tayari kukubali kwamba nafasi ndiyo itakayoamua. Kwa gari la barabarani, kusogeza kiungo sentimita kumi mbele au nyuma ni jambo ambalo sikio halitalijua. Kiungo kinachogonga sakafu utakijua siku ya kwanza.

Lala chini ya gari lililosimama juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake, na upapase kila kitu kilicho nyuma ya injini. Kuna krosimemba inayobeba mkia wa giaboksi. Hiyo hutolewa kila giaboksi inaposhushwa, kwa hiyo boliti zake lazima zifikike kwa spana hata baada ya kazi yako. Kuna kamba za hendibreki na mkono wake wa kusawazisha katikati ya sakafu. Vuta hendibreki mtu mwingine akiwa ndani uone inapita wapi ikikazwa na ikilegezwa. Kuna bomba la breki linalokwenda ekseli ya nyuma, na bomba la petroli linalotoka kwenye tangi chini ya buti hadi pampu mbele ya injini. Yafuate yote kwa kidole, mwanzo hadi mwisho, usiyakisie.

Kama gari lako lina giaboksi ya otomatiki ya C4, ongeza kitu kimoja ambacho mafundi wengi hukisahau. Nyuma ya giaboksi hiyo kuna kidude cha duara kinachoendeshwa kwa mvuto wa hewa wa injini, kikiunganishwa kwa kipande cha mpira. Kidude hicho ndicho kinachoiambia giaboksi ni mzigo gani injini inabeba. Bomba la moto likikaa karibu na mpira huo, utapasuka, na gia zitaanza kubadilika kwa kishindo mahali pasipofaa. Mabomba ya mafuta ya giaboksi kwenda kwenye rejeta nayo yasikaribiwe. Mwenye gia za mkono aangalie vyuma vya klachi upande wa kushoto, akikanyaga pedali hadi mwisho.

Na kama gari limehamishiwa usukani kulia, kama zilivyofanyiwa baadhi zilizoletwa kwetu, usiamini picha wala kipimo chochote kilichochukuliwa kwenye gari la Marekani. Boksi ya usukani iko upande wa pili, na bomba la kulia huenda lilipindwa kuikwepa. Pima gari lako.

Mwishowe utabaki na eneo dogo, kwa kawaida chini ya mkia wa giaboksi au nyuma kidogo ya krosimemba, pale propela shafti inapoanzia. Mwanzo wa propela hauchezi sana juu na chini. Mwisho wake, karibu na ekseli, unapanda na kushuka kwa kila shimo. Kadiri kiungo kinavyokaa mbele ndivyo kilivyo salama. Acha angalau sentimita mbili kati ya bomba na chuma chochote, na zaidi ya hapo kwa mpira, waya, petroli au breki. Kumbuka pia kwamba injini huyumba juu ya mipira yake unapokanyaga mafuta, na mabomba yote mawili yatayumba nayo.

Jambo la mwisho kuhusu mahali: kiungo kisiwe sehemu ya chini kabisa ya egzosi. Kila lita ya petroli inayoungua hutengeneza karibu lita moja ya maji. Injini ikiwa na moto yanatoka kama mvuke, lakini kwenye safari fupi hukusanyika palipo chini na kuozesha chuma kutoka ndani. Inua kiungo kidogo kuliko mabomba yaliyo nyuma yake, maji yapate kutiririka kwenda nje.

Chuma gani

Kwa 289 ya barabarani, mabomba ya inchi 2 au inchi 2¼ yanatosha kabisa. Wanaokuuzia inchi 2½ wanakuuzia kelele. Kipande cha kukatiza kiwe na kipenyo sawa na mabomba makuu au kipungue kidogo tu. Kipande chembamba cha inchi moja kinachofungwa na baadhi ya mafundi hakipitishi kitu cha maana.

Unene wa milimita 1.5 unafaa. Chuma cha kawaida ni rahisi na kinachomeleka vizuri, ila kutu itakifikia mapema. Chuma kilichopakwa alumini kinadumu zaidi, na ndicho ninachompendekezea mtu wa pwani asiyetaka kutumia pesa nyingi, ingawa pale ulipochomelea tabaka huungua, nawe lazima upake rangi inayostahimili joto. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 ni bora kuliko vyote na ghali kuliko vyote. Ukikiunganisha na chuma cha kawaida, tumia waya wa kuchomelea wa 309, la sivyo kiungo kitapasuka baadaye.

Bomba la maji la galvanaizi usilitumie, hata kama lipo pale gereji na kipenyo chake kinaingia sawa. Zinki iliyopakwa juu yake ikipigwa na moto wa kuchomelea hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kifua, na linapopata joto la egzosi tabaka lake linaharibika. Nimeona kazi nyingi za namna hiyo zikisifiwa kwa bei yake. Ni bei anayoilipa fundi kwa mapafu yake.

Kukata na kuchomelea

Fanya kiungo kiwe kipande kinachotoka. Hili ndilo linalotenganisha kazi ya kudumu na kazi ya kubahatisha. Kata kila bomba kuu mbele na nyuma ya eneo ulilochagua, ili H nzima iwe kitu kimoja chenye miguu minne, inayoingiliana na mabomba ya gari kwa viungo vya kuchomekana. Mwingiliano uwe wa sentimita tano hivi. Daima bomba la mbele liingie ndani ya la nyuma, moshi upite bila kugonga ukingo. Ukipata klampu za bendi pana zinunue. Za umbo la U huliminya bomba hadi viungo haviachani tena. Siku giaboksi itakapohitaji klachi mpya, fundi atalegeza klampu nne na kuishusha H kwa dakika chache.

Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea karibu na gari. Mustang zilizotengenezwa kabla ya Agosti 1964 zilikuwa na dainamo, ila zilizofuata zina alterneta, na diodi zake haziutaki mkondo wa kuchomelea. Klampu ya ardhi ya mashine ishike kwenye bomba lenyewe, karibu kabisa na unapochomelea. Ukiishika mbali, kwenye ekseli au injini, umeme utatafuta njia kupitia bearingi za giaboksi na kuziacha na makovu.

Ulipotoboa, ondoa kingo zote kwa tupa hadi kidole kipite bila kukwama. Tundu kwenye bomba kuu liwe sawa na kipenyo cha ndani cha kipande cha kukatiza. Ncha za kipande chenyewe zichongwe kwa mviringo, mdomo wa samaki, zikae juu ya bomba kuu bila mwanya. Kisichimbe ndani ya bomba; kikitokeza humo kinakuwa ukuta mbele ya moshi. Tumia muda wako hapa. Mwanya wa milimita moja unachomeleka kwa urahisi. Wa milimita nne fundi ataujaza kwa madonge, na donge hilo ndilo litakalopasuka.

Kisha rudisha kila kitu chini ya gari bila kuchomelea. Mabomba yote yawe kwenye hanga zake, silensa mahali pake, ncha za nyuma zikiwa katikati ya nafasi zake. Hakuna kitu kinacholazimishwa kwa mkono ili kifike. Ndipo upige madoa matatu au manne ya kushikiza kila upande, kila moja likiwa mbali na jingine. Funika mabomba ya petroli na breki kwa blanketi la kuzuia cheche, na mtu asimame karibu na kizima moto. Madoa yakishika, legeza klampu, toa H nzima, na umalizie mezani ambapo mkono unafika kote.

Mashine ya waya yenye gesi, kwa waya wa milimita 0.6 au 0.8, ndiyo bora kwa chuma chembamba hivi. Fundi mwenye mashine ya vijiti pekee anaweza, akitumia vijiti vya milimita 2 na mkondo mdogo, vya 2.5 vitatoboa bomba kabla hajatulia. Chomelea robo moja, hamia robo iliyo kinyume, rudi, ili joto lisipinde H. Ikipinda hata kidogo, miguu minne haitaingia tena ilikotoka.

Kujaribu

Kabla ya kupaka rangi, tafuta mivujo. Njia safi ni kuunganisha upande wa kupulizia wa mashine ya kunyonya vumbi kwenye ncha moja ya nyuma, kuziba nyingine kwa kitambaa, na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu yatakuonyesha. Njia ya gereji ni kuwasha injini baridi nje, mahali penye hewa, na mtu aliyevaa glavu azibe ncha za nyuma kwa tambara kwa sekunde chache wakati wewe unasikiliza. Usifanye hivyo ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika moja.

Ukilipeleka gari barabarani, sikiliza kwa vituo. Kwanza likiwa limesimama na injini inaunguruma pole: utasikia ule mdundo umeshuka na kujaa. Kisha kwa mwendo wa safari, ambapo uvumi ulikuwa unakusumbua. Ukipungua lakini ukabaki, kosa sasa liko kwenye silensa au hanga zilizokazwa mno, zinazoupeleka mtetemo kwenye sakafu. Kisha pita matuta taratibu, na ukanyage mafuta ghafla kutoka mwendo mdogo. Kila mgongano unaousikia una alama yake chini: rudi gereji utazame palipong'aa.

Toa plagi baada ya siku kadhaa za kawaida uzitazame rangi. Rangi ya kahawia hafifu pande zote mbili ni afya. Kama upande mmoja umekuwa mweupe au mweusi kuliko mwingine, usikimbilie kubadilisha jeti za kabureta. Kwanza rudi kwenye ile valvu ya joto, kwa maana yenyewe ndiyo huzitenga pande mbili za injini.

Klampu hulegea chuma kinapozoea joto. Zikaze tena baada ya safari ya kwanza, egzosi ikiwa imepoa, na mara ya pili baada ya kilomita 200 hivi. Ndipo upake rangi ya joto kwenye sehemu zilizochomelewa, tabaka mbili nyembamba, na uendeshe gari polepole mara ya kwanza ili rangi ikauke kwa joto la injini yenyewe. Moshi kidogo na harufu ya rangi kwa dakika kumi hivi ni kawaida, fungua madirisha.